Naomba Nikamatwe Kabla ya Ijumaa

Nyumba inayotazamana na kituo,
mlango wa kijani.
Jumatano, saa tatu asubuhi.

Kwa Mheshimiwa Kamanda wa Polisi wa Wilaya.
Kupitia kwa Koplo wa zamu (yupo sebuleni kwangu, nitamkabidhi mkononi).

Mheshimiwa Kamanda,

YAH: KUKIRI KOSA, NA OMBI LA KUWEKWA MAHABUSU KWA WIKI MBILI

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Barua yako ya Jumatatu, inayonitaka nijieleze kwa nini nisishtakiwe kwa kosa la kujifanya afisa wa polisi, nimeipokea. Kusema kweli niliipokea kabla haijaandikwa. Koplo alisomewa maneno yake kwa simu kutoka ofisini kwako, akayaandika kiganjani, akaja nayo kwangu ili niyapige chapa. Niliyapiga. Nilirekebisha makosa mawili ya herufi na moja la heshima: palikuwa na "mwanamke huyo", nikaweka "mama huyo". Koplo akasaini kwa niaba yako, akavuka barabara kwenda kupiga muhuri, akarudi, akanikabidhi kwa mikono miwili, nami nikasaini kuwa nimepokea.

Mimi ni mpiga chapa mstaafu wa ofisi ya ardhi, miaka thelathini na mmoja kazini, na mtaani wananiita Mama Chapa. Ni mjane. Tulipohamia hapa, marehemu mume wangu alisema tumepata bahati, kwani hakuna mwizi atakayethubutu kuvunja nyumba inayotazamana na polisi. Ni kweli, hawajavunja. Huwa wanaingia kwa mlango, wamefungwa pingu, na wanasema shikamoo.

Ili usidhani nalalamika ovyo, nimeyapanga malalamiko yangu kwa namba.

1. Kuhusu simu. Simu ya mezani ya kituo chako ilikufa kwa mvua za mwaka juzi. Namba iliyobandikwa mlangoni ni ya Koplo mwenyewe, na kwa kuwa umeme wa kituo unakuja na kuondoka kama mgeni asiye na adabu, siku moja alikuja kuniomba aichaji kwangu. Nani angemnyima? Ni kijana mrefu, mpole, anavua viatu mlangoni bila kuambiwa. Aliiweka juu ya friji akaenda kazini. Ikaita. Ikaita tena. Mara ya sita nikapokea, nia yangu ikiwa kunyamazisha kelele tu. Mtu akasema, "Polisi, njooni upesi, jirani yangu amepanda mahindi upande wangu wa uzio." Nikamwambia mimi si polisi. Akasema, "Sawa mama, lakini wewe unaonaje?" Nikamwambia ninavyoona. Hilo, Mheshimiwa, ndilo kosa langu la kwanza, na ninalikiri.

2. Kuhusu maelezo ya watuhumiwa. Mwandiko wa Koplo hausomeki hata na Koplo. Jalada moja la wizi wa mbuzi lilirudishwa na mahakama mara tatu, mwisho akaniomba nilipige chapa. Mtuhumiwa alikuwa amekana mbuzi kabisa. Alisema aliokota kifurushi njiani. Alikuwa ameketi hapo hapo mezani, mkono mmoja umefungwa kwenye kiti changu, na mimi nikamsomea alichosema ili nihakikishe: "Nilikikuta kimesimama njiani, nikakivuta kwa kamba, kikakataa." Nikamwuliza, "Kilikataa?" Akasema, "Ndiyo mama, kilikataa kabisa." Nikamwambia, "Mwanangu, kitu kinachokataa si kitu. Hapo sema alikataa." Alifikiri kidogo, kisha akasema, "Ni kweli mama. Alikataa. Tena alinitazama vibaya."

Akahukumiwa. Mimi nilikuwa nasahihisha sarufi tu, lakini habari zikaenea, na tangu siku hiyo hakuna maelezo yanayochukuliwa kwenye kaunta yako. Yote huchukuliwa kwenye meza yangu ya chakula.

3. Kuhusu watu. Kwa karatasi, kituo kina askari sita. Wawili wanalinda nyumba za wakubwa. Mmoja yuko kwenye kozi ya wiki tatu ambayo sasa ina miezi mitano. Mmoja alivunjika mguu akiwa na pikipiki ya kituo, na pikipiki nayo ilivunjika ikiwa naye. Mmoja alihamishwa na mbadala wake bado yuko njiani, sijui njia gani. Anabaki Koplo. Simhesabu Inspekta, mkuu wa kituo, kwa sababu kila siku yuko ofisini kwako kwenye kikao cha kujadili upungufu wa askari.

Na wanaokuja si wenye kesi za polisi peke yake. Amekuja mwalimu ambaye mtu amechukua sura yake mtandaoni na kuahidi ndoa kwa wanawake wanne. Wawili kati yao walikuwa naye barazani kwangu, wakimtazama. Amekuja mzee aliyetukanwa kwenye kundi la simu la watu mia mbili, naye anataka wote mia mbili wakamatwe, pamoja na yeye mwenyewe, maana alijibu. Imekuja familia yenye mgonjwa wa akili, ambaye hospitali inasema aletwe na polisi na polisi wanasema apelekwe hospitali. Wote hawa ni wa Koplo. Akikimbia kuwahi tukio, watu wanamrekodi kwa simu kwamba anatisha raia. Akitembea, wanamrekodi kwamba ni mvivu. Siku moja alisimama tu, wakamrekodi, wakaandika chini yake, "Tazameni usalama wetu unavyosinzia." Alikuwa amesinzia kweli, wima, kofia kichwani. Niliiona picha hiyo mara kumi na nne, kila mtu akinitumia kana kwamba sijui anakosinzia siku nyingine.

4. Kuhusu kamera ya kifuani. Mlituletea moja, kwa ajili ya uwazi. Chaja yake haikuja. Koplo huichaji kupitia kompyuta yangu, na haina adabu ya kujizima. Mwezi uliopita hakimu alitazama dakika kumi na moja za ushahidi zinazonionyesha mimi nikigombana na mfuniko wa sufuria. Naambiwa wakili alisimama kupinga, na hakimu akasema anataka kuona mwisho wake. Naishukuru mahakama, lakini nilikuwa na kanga moja tu.

5. Kuhusu mlango wa mahabusu. Bawaba zake ziliachia, na fundi wa kuchomelea aliye karibu ni mmoja tu, ambaye wakati huo alikuwa ndani kwa kosa la kupigana. Alitolewa ili atengeneze mlango wa kumfungia. Alifanya kazi safi sana. Alipoambiwa aingie, akauliza kama kazi imekaguliwa. Koplo akaja kuniita nikakague. Nikakagua, nikasaini. Sikujua kwamba siku moja saini hiyo ingetajwa kwenye barua yako kama kidhibiti.

6. Sasa nakuja kwenye siku yenyewe, Jumanne ya wiki iliyopita.

Saa nne asubuhi Koplo aliitwa kwenye ajali, kilomita saba kutoka hapa. Gari la kituo limekaa juu ya mawe tangu magurudumu yake yalipoazimwa na kituo kingine, kwa hiyo alikwenda kwa miguu. Aliniachia daftari la matukio kama kawaida, akasema, "Mama, akija mtu mwambie asubiri."

Aliyekuja ni fundi cherehani wa pale kona. Huenda humjui, lakini sare za askari wako yeye ndiye anayezipunguza na kuziongeza. Alikuwa ameushika mkono wake wa kushoto kwa mkono wa kulia, kama mtu aliyepewa kitu cha mtu mwingine akitunze. Jicho moja lilikuwa limefumba. Alikuta kituo kimefungwa, akavuka barabara. Hakulia. Alisema, "Mama Chapa, safari hii amesema ataniua, na mimi nimemwamini."

Nilimwingiza chumbani kwangu, nikamfungia kwa ufunguo, ufunguo nikautia kifuani. Nikampigia Koplo. Simu yake ikaita juu ya friji. Nikapiga ofisini kwako. Sauti ya kike ikaniambia nisikate, na muziki ukaanza. Muziki ni mzuri, sina malalamiko nao.

Muziki ulikuwa bado unalia mume wa fundi alipoingia. Ni dereva wa lori, mtu wa mabega, na mkononi alikuwa na spana ya magurudumu. Hakubisha hodi. Akauliza, "Yuko wapi?"

Mheshimiwa, mimi nina kilo hamsini na mbili na goti moja bovu. Sikuwa na silaha yoyote ila kazi niliyoifanya maisha yangu yote. Nikavaa miwani, nikaweka karatasi kwenye mashine, nikamwambia, "Keti. Jina kamili."

Akasema, "Namtaka mke wangu."

"Tutafika huko. Jina lako, la baba, la babu."

Sijui kwa nini aliketi. Nadhani mtu akishapanga foleni kwenye ofisi za umma miaka mingi, akiulizwa jina kamili na mtu mwenye miwani, magoti hujikunja yenyewe. Alitaja majina. Nikamwuliza yanaandikwaje. Nikamwuliza alizaliwa wapi, alisoma wapi, mwalimu mkuu alikuwa nani. Ilibidi aweke spana chini ili ahesabu madarasa kwa vidole, nami nikaisogeza kwa mguu hadi upande wangu wa meza. Mimi hupiga maneno sabini kwa dakika. Siku hiyo nilipiga saba. Kila alipoinuka nilimwambia, "Bado hujasaini ukurasa huu," naye akaketi, akasaini.

Ukurasa wa sita tukafika kwenye ndoa. Ukurasa wa tisa akaanza kueleza alichokifanya asubuhi ile, kwa sauti ile ile ya mtu anayesimulia safari: nilianzia hapa, nikapitia pale. Mkono. Mlango. Jicho. Sikumsahihisha hata neno moja. Nyuma ya ukuta nilimsikia fundi akipumua.

Koplo alirudi saa saba kasoro, vumbi hadi kwenye nyusi, damu ya watu wa ajali kwenye mikono ya shati. Alisimama mlangoni, akavua viatu. Kisha akamwona yule mtu, akaiona spana miguuni pangu, akaelewa. Alimfunga pingu akiwa na soksi.

Wakati huo wote sikuogopa. Niliogopa saa nane, nikiwa nakunja nguo. Foronya moja niliikunja mara tano, ikanishinda.

Koplo alimpeleka fundi hospitali kwa gari la jirani, akarudi, akaketi kwenye ngazi yangu. Nikampa maji, akayashika bila kunywa. Akasema, "Mama, mwaka jana alikuja mwanamke mwingine. Mimi nilikuwa nimetumwa kusimama barabarani, kuna msafara wa wageni ulikuwa unapita. Alinisubiri kwenye benchi mpaka adhuhuri. Akaona siji, akarudi kwake."

Hakumaliza. Nami, ambaye tangu nianze kazi sijawahi kumruhusu mtu aache sentensi katikati, sikumtaka aimalize. Nilimwuliza tu kama amewahi kumweleza yeyote kazini. Akasema ipo fomu ya kuomba kuonana na mshauri, lakini lazima isainiwe na mkuu wa kituo, na pale penye "sababu" nafasi inatosha maneno matatu.

7. Wakili wa dereva amepeleka ombi mahakamani, litasikilizwa Ijumaa hii. Anataka maelezo yale yatupwe kwa kuwa aliyeyachukua si polisi, na mteja wake, aliye rumande wilayani, aachiwe arudi nyumbani. Nyumbani huko ndiko aliko fundi. Hapo ndipo ofisi yako ilipokumbuka kwamba mimi nipo.

Wakili ana hoja. Sikumwambia yule mtu kwamba mimi ni polisi, ila pia sikumwambia kwamba si polisi. Nilimwambia aketi. Kwa hiyo, kama ulivyoagiza, jana nilifika kituoni kutoa maelezo. Kituo kilikuwa kimefungwa. Koplo alikuwa kwangu. Nikarudi, na kwa kuwa hapa mtaani maelezo yote huchukuliwa na mimi, nikajihoji mwenyewe. Nilikuwa mkali. Mara mbili nilikataa kujibu, na mara moja nilijipa maji. Mwishowe nilikiri. Kurasa nne zimeambatanishwa, kila moja ina saini ya mhojiwa na ya mhoji.

Kutokana na hayo, naomba yafuatayo.

Kwanza, nikamatwe kabla ya Ijumaa. Kama dereva alieleza kwa mtu asiyestahili, afungwe huyo asiyestahili. Lakini mkono wa fundi sikuuvunja mimi, na sioni kwa nini kosa langu liadhibiwe nyumbani kwake.

Pili, niwekwe katika mahabusu ya kituo hiki hiki, kwa wiki mbili. Nimefikiri sana ni wapi nitapumzika, nikaona kituo ndicho mahali pekee mtaani kwetu ambapo polisi hawaji. Nitakuja na mto wangu. Mlango nimeukagua mwenyewe, ni imara.

Tatu, katika wiki hizo mbili simu zote, mahindi yote, ndoa zote za mtandaoni na wale watu mia mbili waelekezwe ofisini kwako. Naahidi kutoingilia, hata nikisikia mtu anasema "kilikataa".

Nne, na hili nakuomba bila mzaha wowote. Zipo kurasa kumi na moja za mume. Zipo kurasa nne za kwangu. Za fundi mwenyewe hakuna hata mstari mmoja. Kwanza alikuwa hospitali, na alipotoka barua yako ilikuwa imenikataza kugusa maelezo ya mtu. Mtume askari mwanamke kutoka makao makuu, aje aketi naye, amsikilize, aandike anayoyasema yeye. Kabla ya Ijumaa, Mheshimiwa.

Tano, Koplo apewe likizo na mtu wa kuzungumza naye. Fomu nimeichapa upya. Pale penye "sababu" nimeacha nusu ukurasa.

Nakutakia afya na kikao kifupi. Mfikishie salamu Inspekta, pale alipoketi. Msalimie mama anayepokea simu zako, umsifie muziki wake. Wasalimie wa nyumbani kwako wote, wakubwa kwa wadogo, na dereva wa gari lile linalotembelea magurudumu yetu. Mwambie tunamwombea barabara nzuri, ili yarudi yakiwa na meno.

Ni mimi, mtuhumiwa wako msikivu,

Mpiga chapa mstaafu
(Mama Chapa)

Nakala: Daftari la matukio, ambalo liko kwangu.

Baada ya kusaini, na baada ya Koplo kukusomea barua hii kwa simu jana. Alhamisi, saa tisa alasiri.

Sajini mwanamke amefika asubuhi hii kutoka makao makuu. Amekuja na amri mbili: kuchukua maelezo ya fundi cherehani, na kunikamata mimi. Akaona aanze na ya kwanza.

Alimwita fundi kwangu, wakaketi chumbani kutoka saa tatu hadi saa sita. Mimi niliwaachia chumba, nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi. Sajini alipomaliza alimsomea fundi ukurasa kwa ukurasa. Mahali fulani alikuwa ameandika "ugomvi wa kifamilia". Fundi akasema, "Futa hapo. Sikugombana na mtu. Andika alitaka kuniua." Sajini akafuta, akaandika. Fundi akasaini kwa mkono ule mzima, taratibu, majina yote matatu. Mwendesha mashtaka amesema kwa simu kwamba maelezo hayo pamoja na fomu ya daktari yanatosha, hata ya kwangu yakitupwa. Dereva haendi popote. Dada wa fundi amekuja kumchukua akakae kwake, na wameondoka wakisaidiana kubeba cherehani.

Ndipo Sajini akasimama, akavaa kofia, akaniambia amri ya pili. Nilikuwa tayari, mto umeshafungwa kwenye kanga. Tatizo ni kwamba ufunguo wa mahabusu uko mfukoni mwa Koplo, na Koplo, alipoona kwamba leo kuna askari mwingine mtaani, alijinyoosha kwenye kochi langu na amelala tangu saa nne bila kugeuka. Sajini alitaka kumwamsha. Nilimwambia, kwa heshima zote, kwamba akimgusa nitamwandika kwenye daftari. Wakati tunajadili hilo kwa kunong'ona, ofisi yako ikampigia simu kwamba kabla ya saa kumi awe kituo kingine, nako kuna upungufu. Na barazani wameshafika watu saba.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, naondoa ombi langu la kwanza, la pili na la tatu. Malalamiko namba moja hadi tano nayo yafutwe; niliyaandika nikiwa na uchovu, nao si ushahidi. La nne limetimia, asante. La tano libaki kama lilivyo, na lisipojibiwa nitaandika tena, mara hii kwa herufi kubwa.

Pia naukana ule ukiri wangu wa kurasa nne. Niliutoa kwa kushurutishwa na aliyekuwa ananihoji.

Sajini, kabla ya kuondoka, ameandika kwamba mtuhumiwa amekataa kukamatwa. Si kweli. Mtuhumiwa ana kazi.